Kushoto kwa Bwana Wiesbeck

Kassian Haslwanter alikuwa na mzaha mmoja tu, lakini aliutumia vizuri. Aliusema katika baa ya Poldi, kwenye meza ya walimu wa skii, wale wanaofundisha wageni kuteleza kwenye theluji, saa kumi alasiri, mabuti yakiwa yamefunguliwa na soksi zikifuka mvuke. Mwalimu kijana akilalamika kwamba mgeni wake ni mzito wa kuelewa, Kassian huweka glasi chini, hupangusa masharubu na kusema:

"Sasa wewe unamfundisha wa nini? Mgeni akishajua, anaondoka. Mtazameni Wiesbeck wangu. Kulia nimempa, anageuka kama malaika. Kushoto nimemnyima. Mwaka wa thelathini huu, bado anakuja kuomba."

Meza nzima hucheka. Sisi watu wa Hinterfalz, kijiji cha milimani kinachokula kwa wageni, tunamheshimu sana mtu anayejua kumkamua mgeni bila mgeni kushtuka, na mzaha huo ulimpa Kassian kiti cha karibu na jiko, kile ambacho hakikaliwi na mtu mwingine hata akiwa hayupo.

Ukweli, ambao hakumwambia mtu, hata mkewe, ni kwamba hakumnyima Wiesbeck kitu. Alikuwa ameshindwa. Alimfunga leso gotini, akamwekea kipande cha kadibodi ndani ya buti, akamwimbisha, akamkaripia, akamnywesha pombe kali ya pea kabla ya saa nne asubuhi. Wiesbeck aligeuka kulia bila matata. Akifika mahali pa kugeuka kushoto alikakamaa kama mlango uliovimba kwa unyevu, kisha akaanguka kwa adabu. Majira ya baridi ya tatu au ya nne, Kassian alichoka, akamwambia, "Daktari, tusisumbuane. Ni mguu wako wa kulia. Ndio unaotakiwa kukubeba ukigeuka kushoto, na umezaliwa mvivu."

Wiesbeck, mtu mstaarabu wa Braunschweig kule Ujerumani, aliutazama mguu wake kwa huzuni, akakubali. Hakuwa daktari, alikuwa na duka la miwani. Lakini kwetu mgeni anayechukua mwalimu wa peke yake kwa siku sita huitwa Daktari, na akirudi mwaka wa pili anaanza kuitika.

Jumapili ya pili ya Februari, saa tatu asubuhi, wageni walikusanyika uwanjani kugawanywa. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya Kassian. Alisimama chini ya mteremko, kila mgeni akashuka mikunjo mitatu, yaani akigeuka mara tatu, mbele yake, naye akanyoosha fimbo: wewe kundi la pili, wewe la tano, wewe mama rudi kwa wanaoanza. Wenye viwanda walitetemeka mbele ya fimbo ile. Siku hizi wageni hujaza fomu kwenye simu wakiwa bado makwao, na Verena Schlatter, mkuu wa shule ya skii, husoma majina kwenye kishikwambi. Verena alikuwa na miaka thelathini na minne. Alipokuwa na minne, Kassian ndiye aliyemshika kiuno kwenye mteremko huohuo, mtoto analia kamasi tupu.

"Mzee Kassian, njoo kidogo," Verena aliita. "Kesho na keshokutwa uko kwenye semina kule juu kwenye barafu. Hukusahau?"

"Nilijitahidi kusahau."

"Usipokwenda leseni inakufa mwezi wa tatu. Sheria si yangu, ni ya mkoa."

"Na Daktari wangu?"

"Siku hizo mbili atakuwa na Janneke."

Janneke alikuwa msichana wa Kiholanzi wa miaka ishirini na sita, mwenye shahada ya mambo ya viungo vya mwili, aliyekuwa akipaka uso mafuta ya kuzuia jua mpaka akafanana na mwokaji mikate.

"Mholanzi! Verena mwanangu, kwao mlima mrefu kuliko yote ni daraja la baiskeli."

"Ana cheti kikubwa kuliko chako."

"Haya, mpe. Mwambie tu asijichoshe na kushoto. Ule mguu hauna dawa."

Verena hakucheka. Alimsogeza pembeni, mbali na wageni. "Mzee, kuna jingine. Mwaka juzi walikuomba kwa jina wageni wanne. Mwaka jana wawili. Sasa amebaki Wiesbeck. Mwakani asipokuomba mtu, siwezi kukuweka kwenye orodha ya walimu. Itabidi nikuweke kwenye zulia."

Zulia ni ule mkanda wa mpira unaowapandisha watoto wadogo kilimani. Mtu wa zulia hafundishi. Anainua walioanguka, anafuta pua, anatafuta glavu, tena havai jaketi jekundu la walimu bali kizibao cha njano. Baba yake Kassian alikuwa mchunga ng'ombe wakati wa kiangazi na mungu mdogo wakati wa theluji, kwa sababu ya jaketi hilo jekundu. Kassian mwenyewe kijijini aliishi kwa jaketi lile. Tena nyumbani mkewe Burgl alipangisha vyumba vitatu, na nusu ya kalenda yake ilikuwa na jina moja: Wiesbeck mwenyewe mwezi wa pili, kaka yake mwezi wa kwanza, na wakati wa Pasaka binti yake na familia nzima. Wiesbeck akikatika, nyumba nzima imekatika.

"Atakuja," Kassian alisema. "Yule ni wangu mpaka mmoja wetu afe."

Kule juu kwenye barafu walikusanywa wazee kumi na mmoja wa bonde zima, wote wenye nyuso za rangi ya shaba na magoti yanayolia. Aliyewafundisha aliitwa Lorin, kijana mwenye hereni, adabu nyingi na kamera.

"Mzee wangu, panua miguu kidogo."

"Nipanue?"

"Upana wa nyonga. Skii za siku hizi zinakata kona zenyewe, zinataka nafasi."

Kassian alikuwa ametumia miaka arobaini kuyabana magoti yale. Ndiyo yalikuwa mapambo ya kazi: miguu miwili ionekane mmoja, kiuno kicheze, na mabibi wa Düsseldorf waliokaa barazani wasahau kahawa yao. Jioni Lorin aliwaonyesha video ukutani. Kassian alimwona mzee mwembamba akishuka, miguu imebanana kama ya mtu aliyezidiwa na haja na choo kiko mbali. Wenzake walicheka sana. Kisha ikaja zamu yao, wakaacha kucheka.

Lilikuwapo pia somo la saa nzima kuhusu mahali mwalimu anapotakiwa kuwa wakati mwanafunzi anashuka. Kassian alilala.

Jumanne mchana alipewa karatasi yake. Amefaulu. Chini Lorin alikuwa ameandika kwa mwandiko mzuri: "Mwakilishi bora wa mtindo wa kihistoria." Kassian aliisoma mara tatu kwenye basi, akitafuta namna ya kuifurahia.

Burgl alikuwa jikoni akifinyanga madonge ya mkate ya kutia kwenye supu. Alimtazama mumewe akiingia, akaendelea kufinyanga.

"Umefaulu?"

"Nimefaulu. Mimi ni wa kihistoria."

"Hilo hata mimi najua. Keti, nina habari." Akanawa mikono kwanza, akaikausha, kama mtu anayeleta taarifa ya msiba. "Daktari amegeuka."

"Amegeuka nini?"

"Kushoto."

Kassian akakaa. "Nani kakwambia?"

"Nani kaniambia! Nimeonyeshwa. Ana video ishirini kwenye simu. Kamwonyesha padri, kamwonyesha mleta barua, kamwonyesha hata mama yako, na mama yako haoni."

Kassian hakupata nafasi ya kujibu, maana Wiesbeck mwenyewe alikuwa anashuka ngazi kwa soksi, mbio, kama mtoto siku ya Krismasi. Alikuwa na miaka sitini na sita, mrefu, miwani miwili shingoni. Kwa miaka thelathini alikuwa amempa Kassian mkono tu. Sasa alimkumbatia.

"Kassian! Tazama. Hapa bado nasitasita. Hapa... ona, ona! Hapo nimegeuka! Halafu tena!"

Kassian alitazama. Kwenye kioo kidogo mwanamume mrefu alikunja kushoto, akakunja kulia, akakunja kushoto. Hakuanguka. Mpiga picha, ambaye alikuwa nyuma yake, alisikika akipiga kelele za furaha kwa Kijerumani chenye lafudhi ya Kiholanzi.

"Hongera, Daktari. Kwa hiyo mguu umepona."

"Janneke anasema haujawahi kuumwa!" Wiesbeck alisema bila kinyongo chochote, furaha ilikuwa haijampa nafasi ya kufikiri. "Hutakasirika nikimaliza wiki pamoja naye? Nisije nikapoteza."

"Mimi? Nikasirike?"

Burgl alimpakulia mumewe madonge mawili. Kwa kawaida hula matano. Siku hiyo la kwanza lilikwama njiani, na la pili likabaki kwenye bakuli likimtazama.

Jumatano Kassian hakuwa na mwanafunzi, na Verena hakuwa na pa kumweka. Alimpa kizibao cha njano, cha siku moja tu, akamwomba radhi. Kassian akasimama kwenye zulia akiinua watoto. Walimu walipita na makundi yao, kila mmoja akitafuta kitu cha kutazama upande wa pili. Mtoto wa miaka mitatu alimwuliza kama yeye ndiye babu wa lifti. Kassian akajibu kwamba ndiye.

Saa sita Janneke alikuja kuketi karibu yake na mkate wake wa jibini. Alikuwa msichana mwema, jambo lililomwudhi Kassian zaidi.

"Janneke, binti yangu. Ulimfanyia nini?"

"Hakuna kikubwa, Mzee. Asubuhi ya kwanza nilitangulia, akanifuata, akaanguka. Nikaona kila anapotaka kugeuka kushoto, kichwa kinaruka kulia, kama kuna mtu anamtafuta pale pembeni. Kichwa kikienda kulia mabega yanafuata, mwili mzima unakataa kushoto. Basi nikakaa nyuma yake. Nikamwambia, hakuna mtu wa kumtazama, tazama unakokwenda. Mara mbili akaanguka. Ya tatu akageuka." Akatafuna kidogo. "Alilia, lakini usimwambie nimekwambia."

"Kulia pale anamtafuta nani?" Kassian aliuliza, na swali lilikuwa halijamtoka vizuri alipopata jibu.

Sisi tulifundishwa hivyo: mwalimu mbele, wageni nyuma, kama bata na vifaranga. Kassian alitangulia, akageuza uso nyuma, akaita, "Nitazame mimi! Nitazame mimi!" Tena alishuka upande wa kulia wa njia, kila mara, miaka yote, kwa sababu upande wa kulia ndiko kuliko na jua, na mwalimu wa enzi zake asiye na uso wa shaba hakuwa mwalimu. Wiesbeck alikuwa mwanafunzi mtiifu. Alimtazama kama alivyoambiwa. Kwa ajili ya rangi ya uso wa Kassian, mtu mzima ameanguka kwa miaka thelathini.

"Mzee, uko sawa?" Janneke aliuliza.

"Ni jua hili tu," Kassian alisema.

Saa kumi alikwenda kwa Poldi kwa sababu asipokwenda watu wangeuliza. Alikaa kwenye kiti chake karibu na jiko. Haikupita muda Wiesbeck aliingia na Janneke, uso umeiva kwa baridi na raha, akawanunulia watu wote kinywaji. Na hapo Poldi, ambaye Mungu alimpa baa na kumnyima breki, alipiga meza kwa kiganja.

"Daktari! Unajua umemmwagia Kassian unga wake? Miaka thelathini anakunyima kushoto ili usiondoke! Alikuwa anakupimia kwa kijiko! Kassian, hebu mwambie mwenyewe ule mzaha wako."

Watu walicheka. Wiesbeck naye alicheka kidogo, kama adabu inavyotaka. Halafu akamtazama Kassian.

"Ni kweli?"

Watu wa meza waliinama mbele wakingoja utamu. Kassian alikuwa na majibu mawili. Moja lilimfanya mwizi, jingine lilimfanya mwalimu asiyejua kazi yake. Mahali pengine duniani mtu angechagua haraka, na angechagua vingine. Lakini alikuwa Hinterfalz, amekaa kwenye kile kiti, na walimu saba walikuwa wakimtazama mdomo. Aliinua mabega, akatabasamu kijanja.

"Daktari, na mimi lazima nile."

Baa ililipuka kwa kicheko. Wiesbeck aliweka glasi mezani bila kuimaliza, akavaa kofia, akamuaga Janneke peke yake, akatoka.

"Vyumba vya Pasaka Daktari amesema tusimshikie," Burgl alisema. Alikuwa amekaa jikoni na kalenda mapajani. "Na cha kaka yake mwakani, atatujulisha. Unajua maana ya 'nitawajulisha'."

Kassian alikuwa akivua mabuti. Aliyavua polepole ili asiinue kichwa.

"Kweli ulimnyima?"

"Wewe unaonaje?"

"Mimi naona mwizi jikoni kwangu. Lakini mwizi wangu namjua. Huwezi kuficha hata zawadi ya Krismasi, naiona usoni tangu mwezi wa kumi na moja. Miaka thelathini ufiche kushoto?" Akaifunga kalenda, na Kassian akasikia akili ya mkewe ikifika. "Kassian. Hukujua."

"Sema taratibu. Majirani."

"Majirani! Kwamba wewe ni mwizi wamejua miaka yote na ukawa unafurahi. Kwamba hukujua ndiyo siri?"

"Burgl, mwizi hapa anapewa kiti. Asiyejua anapewa nini?"

"Anapewa mke, mpumbavu wewe!" Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, na hasira ndiyo iliyokuwa inayazuia yasimwagike. "Nenda ukamwambie ulivyo."

"Nitamwambia pembeni."

"Pembeni kwa nini? Umejifanya mwizi mbele ya watu."

Alhamisi nzima Kassian alimtafuta pembeni, na siku nzima Wiesbeck alipita ukumbini kwa salamu fupi na mlango uliofungwa taratibu. Ikafika Ijumaa.

Ijumaa mchana huwa na mashindano ya wageni. Wote hushuka kati ya vijiti, wote hupewa medali, bendi ya matarumbeta hupiga, halafu mgeni wa miaka mingi huvikwa pini ya heshima kifuani na mwalimu wake. Miaka ishirini na mitano ni fedha, thelathini ni dhahabu, au rangi yake. Verena alimpa Kassian kisanduku chenye pini na kipaza sauti kwa mashaka.

"Maneno mawili tu, Mzee. Mshukuru, mvishe, piga makofi."

Wiesbeck alisimama mbele yake, mikono nyuma, akitazama juu ya bega lake. Nyuma yao watu mia mbili, na walimu wote mstari mmoja.

"Daktari Wiesbeck amekuja kwetu mara thelathini," Kassian alianza. Sauti yake ikamrudia kutoka kwenye spika, kubwa na ya kigeni. "Mmesikia kwamba nilimnyima kushoto. Si kweli. Sikumnyima. Sikujua. Nilijaribu kila kitu, nikashindwa, nikamsingizia mguu. Kumbe alikuwa anaanguka kwa sababu ananitazama mimi, na nilikuwa nimekaa upande mbaya. Nilikaa pale nipate jua."

Kisha Poldi akaangua kicheko, na uwanja wote ukamfuata. "Apate jua!" mtu alipiga kelele. Walimu walipigana mabegani. Haslwanter huyu hana mpinzani, walisema, hata kwenye sherehe anatia chumvi. Bendi ilidhani maneno yamekwisha, ikapiga. Kassian alisimama na kisanduku mkononi, masikio yamewaka moto. Alikuwa ametumia miaka mingi kuwafundisha watu wamcheke, na sasa hawakujua kuacha.

Wawili hawakucheka. Burgl, aliyekuwa kwenye meza ya keki, na Wiesbeck.

Wiesbeck alimshika mkono akampeleka nyuma ya ghala la skii, mbali na matarumbeta.

"Kwa hiyo hukunizuia."

"Hapana."

"Uliamini kweli kwamba mguu wangu ni mbovu?"

Kassian alifikiri, maana hakutaka litoke jibu jingine la baa. "Nilitaka uwe mbovu. Ukiwa mbovu mguu, mimi nabaki mwalimu mzuri."

Wiesbeck alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. "Bora ungekuwa mwizi, Kassian. Mwizi angejua kwamba naweza." Akapumua. "Kwenye harusi ya binti yetu, mke wangu Gudrun alitaka tucheze waltz, mchezo wa wawili wa kuzunguka. Ule wa kuzunguka kushoto, ndio aliokuwa akiupenda. Nikamwambia, mke wangu, huu mguu haugeuki kushoto, muulize Kassian. Tukakaa. Watu wanacheza, yeye amekaa ananishika mkono, ananiambia haidhuru. Unajua kwamba hayupo sasa."

"Najua." Ulikuwa mwaka wa nne tangu afariki, na Burgl alikuwa ametuma shada.

"Nilikuwa naweza kumchezesha."

Kassian alifungua mdomo. Kwa kawaida hapo ndipo huwa kuna mzaha.

"Nisamehe, Ortwin," alisema, na ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina lake.

"Bado." Wiesbeck aligeuka kutazama theluji. Halafu, kama mtu anayegusa jino aone kama na hilo linauma: "Na kulia? Miaka yote uliniambia kulia kwangu hakuna mfano bonde zima."

Kassian angeweza kumwachia hicho kimoja. Alitamani sana kumwachia.

"Kulia nako hukuwahi kugeuka," alisema. "Ulikuwa unanifuata mimi tu."

Bega la Wiesbeck lilianza kutikisika. Kassian alidhani analia, akanyoosha mkono, kisha akaona kwamba ni kicheko, au ni vyote viwili, maana machozi yalikuwa yanashuka na mwenyewe hayafuti. Alicheka mpaka akaegemea ukuta wa ghala.

"Mwambie Burgl avishike vile vyumba," alisema alipopata pumzi. "Supu yake haina kosa. Lakini mwalimu simtaki tena. Si wewe wala Janneke. Naweza kushuka."

"Sawa."

"Kesho treni yangu ni saa sita. Saa tatu nitashuka mara ya mwisho, peke yangu."

"Naweza kuja?"

Wiesbeck alifikiri. "Njoo. Lakini usipite mbele."

Walipotoka nyuma ya ghala Verena alikuwa anakunja nyaya za spika. Alimtazama Wiesbeck akienda zake, akamtazama Kassian.

"Mwakani zulia, Mzee?"

"Zulia," Kassian alisema.

Jumamosi asubuhi theluji ilikuwa ngumu na tupu. Wiesbeck alisogea ukingoni, akavuta glavu, akaanza bila kusema kitu. Kassian alimwacha atangulie, kisha akafuata.

Uso wa mtu huyu aliujua vizuri, akiwa na hofu, akiwa na aibu, akiwa na theluji puani. Mgongo wake hakuwahi kuuona. Jaketi lilikuwa limechanika ubavuni, upande uleule ambao mwenyewe alikuwa akiangukia, likashonwa kiraka. Kiraka cha kwanza kilishonwa na mtu anayejua, uzi umelala vizuri. Juu yake kilikuwapo cha pili, kipya zaidi, kimeshonwa na mwanamume anayejifunza kushika sindano.

Mkunjo wa kwanza ulikuwa wa kushoto. Ulikuwa mdogo, mbaya wa sura, na sahihi. Bila kukusudia, koo la Kassian lilijaa yale maneno yake ya siku zote, nitazame mimi, nitazame mimi, na ilimbidi aing'ate glavu ili yasitoke. Jua lilikuwa kulia. Alibaki kivulini nyuma ya Wiesbeck, miguu imepanuka kama alivyoambiwa, machozi yanamgandia kwenye masharubu, na hakuna aliyemwona. Mikunjo kumi na minane mpaka chini, tisa kushoto. Wiesbeck hakuanguka, na hakugeuka kutazama nyuma hata mara moja.